Uvamizi wa Jumamosi

Mdogo wangu wa kike alitaka kuingia jeshi la majini la Marekani, na mama alikuwa amemkatalia. Mwaka ule nyumba yetu haikuwa na habari nyingine. Simu ikilia nilijua ni yeye, ananiuliza mama ameamkaje, na swali lenyewe halikuhusu afya ya mtu.

Wakati huo mimi na mama tulikuwa Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ya mbao karibu na reli, ambayo treni ikipita vikombe kabatini vinasalimiana. Kabla ya Buffalo nilikuwa Columbus, na kabla ya Columbus nilikuwa Louisville, ambako ndege ilituteremsha tulipotoka kambini Tanzania. Watu wa kanisa walikuwa wakinitania kwamba Mungu alinipa miguu akasahau kunipa makalio. Walisema kweli. Kila mji nilioingia, kabla sijafungua mabegi nilishaanza kuuliza mji unaofuata ukoje, na mama akaja nyuma yangu kila mara bila kuuliza.

Kaka yetu mkubwa alibaki Louisville pale pale alipowekwa, akaoa, akaota kitambi. Mdogo wangu alibaki Columbus na familia moja ya kanisa ili amalize shule, na alipomaliza akaanza kazi ghalani. Baba alishafariki kwa maradhi zamani, kwetu. Basi tulikuwa watu wanne katika miji mitatu, na jambo moja lisilokwisha kati yetu.

Acha niseme mama alikataa kwa nini, maana bila hilo utamwona mkaidi tu.

Sisi ni watu wa kando ya Tanganyika, upande wa Kongo. Askari walipoingia mji wetu waliingia kwa maji, alfajiri, kwa boti nyingi. Walikuwa wa nani, mpaka leo wakubwa wetu hawajakubaliana. Mama alikuwa ufukoni anaanika ndakala, vile visamaki vidogo, pamoja na wanawake wengine. Sasa, kwetu risasi zikilia huna nafasi ya kumtafuta mtoto wako. Unabeba aliye karibu, awe wa nani, kwa imani kwamba kuna mwingine amembeba wa kwako. Mkishafika mahali pa kupumua mnabadilishana. Mimi nilibebwa na jirani yetu mmoja ambaye mpaka siku ile alikuwa hasemezani na mama, na jioni porini nikarudishwa. Mama naye alikuwa amebeba mtoto wa kike wa miaka kama miwili, aliyemkuta amekaa juu ya nyavu anakula mchanga. Huyo ndiye mdogo wangu. Jioni ile hakutokea mtu wa kubadilishana naye.

Kambini, kila siku ya mgao wa chakula, mama alisimama mbele ya mstari akamnyanyua juu: ni wa nani? Alifanya hivyo mpaka mtoto akawa mzito, hanyanyuki. Hakumficha jambo hili. Mdogo wangu alikua akijua, sote tukijua, na hakuna aliyeliona ajabu, kwa sababu kambi ile ilijaa watoto wa namna hiyo.

Lakini alipotaja jeshi la majini, mama alisema maneno ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Ule mutoto si wangu wa kutoa. Miye nilimubeba tu. Mama yake akitokea kesho, nitamwambia nini? Nilimurudisha ku maji?"

Kwetu mtoto haanzi safari kubwa bila mikono ya mama kichwani. Mdogo wangu, pamoja na Kiingereza chake chote na suruali zake zilizochanika magotini kwa makusudi, hapo alikuwa mtu wa kwetu kabisa. Mtu wa kuandikisha wanajeshi alikuwa anangoja jibu lake. Yeye alisema bila radhi ya mama hatatia sahihi, na bila kutia sahihi atakufa ghalani akifunga masanduku. Alisema hivyo, "nitakufa", na aliyekuwa akimwambia ni mimi ninayefunga masanduku.

Alichopenda ni meli. Bunduki hakuzijali. Ugonjwa huo ulianzia Louisville, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitufundisha Kiingereza bure. Alimpeleka ukingoni mwa mto Ohio akamwonyesha ng'ambo, akamwambia kwamba wakati wa vita kuu ya pili ya dunia wanawake wa huko waliunga vyuma kwa moto, wakaunda meli kubwa zenye tumbo bapa za kubebea vifaru, na meli hizo zikateremka mto mmoja hadi mwingine mpaka baharini, zikaenda vitani ng'ambo. Mdogo wangu alirudi nyumbani akilirudia hilo tu. Meli kutoka katikati ya nchi, mahali pasipo na bahari! Huko Columbus shuleni akafundishwa uvamizi wenyewe wa Normandi, huko Ufaransa, na hapo ndipo alipotupotea.

Alikuwa akinipigia wakati wa mapumziko yangu kazini kunisomea vita. Kwamba meli za kufagia mabomu ya majini zilitangulia gizani kufungua njia. Kwamba manowari zilizipiga ngome za Wajerumani kwanza, ndipo askari wakashuka. Kwamba Wamarekani walishuka maji yakiwa yamekupwa, ili wavione vyuma vilivyosimikwa mchangani kuwatoboa. Dhoruba ikawachelewesha siku moja, na maelfu ya watu wamekaa melini wanatapika. Huniita yaya, yaani mkubwa wake: "Na yaya, unajua nini? Walibeba bandari! Waliikokota vipande vipande baharini wakaiunganisha kule kule!" Mimi nina mkate mdomoni na msimamizi ananitazama. Nikamwambia aendelee kubeba bandari, mimi narudi kubeba maboksi.

Basi akatunga mpango. Kuna mji mdogo kando ya ziwa Erie, upande wa Ohio, ambako kila kiangazi watu hukusanyika kuigiza uvamizi ule. Akaniambia ni maonyesho ya historia, familia zinakuja na vyakula, mama akiona mashua na bendera na watu wanapiga makofi, moyo utalainika. Ataona kwamba kuna askari wa majini wanaokuja kukomboa watu. Kaka akaunga mkono. Angepanda gari kutoka Louisville, ampitie mdogo wetu Columbus, sisi tutoke Buffalo, tukutane ziwani. Mama tukamwambia ni kikao cha familia na chakula kidogo. Ziwa alilijua. Uvamizi hakuna aliyemtajia.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Mama alikaa mbele, chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, mapajani, kwa sababu nyuma ya gari hapaamini. Njia nzima sikutulia. Nilibadilisha redio, nikafungua dirisha, nikafunga, mpaka akaniuliza kama nina chawa. Nilikuwa na neno moja kooni, nimwambie tunakwenda kuona nini. Kila kibao cha barabara nilijiambia, baada ya hiki. Tukafika.

Kwanza ilikuwa kichekesho. Mahema ya kijani, magari ya kijeshi ya zamani yaliyopakwa rangi upya, na wanaume wa makamo wenye vitambi kumzidi kaka yangu, wamevaa kofia za chuma, wanakula soseji. Mama alisimama ghafla alipowaona.

"Bale ni nani?"

"Ni mchezo, mama," mdogo wangu akamwahi, amemshika mkono. "Kama ile ya Noeli kanisani, wanavaa manguo za Yosefu na bachungaji."

Mama aliwatazama sana. Mmoja alikuwa anahangaika kufunga mkanda, hauingii. "Bazee hivi?" akasema, akacheka, na sisi sote tukacheka kupita kiasi, kwa kushusha pumzi.

Tukatandika mkeka kwenye mteremko wa nyasi, juu kidogo ya mchanga. Mbele yetu watoto watatu wa Kizungu walikuwa wanachimba shimo, mmoja na ndoo nyekundu, wazazi wao nyuma kwenye viti vya kukunja. Mama alikaa, mkono wake juu ya goti la mdogo wangu. Kipaza sauti kikaanza kusimulia na mdogo wangu akawa mkalimani, uso unang'aa. Hapa ni Ufaransa. Kule majini ni Waingereza, Wakanada na Wamarekani, meli maelfu. Wale wa kijivu mlimani ni Wajerumani.

Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Kisha akauliza, "Na benyewe bako wapi?"

"Benyewe nani?"

"Benye pwani. Benye kuanika samaki."

Mdogo wangu alitazama ufuko, akatazama mlimani, akatazama karatasi ya maonyesho. "Hawakuwaweka," akasema.

"Bon. Basi bamesahau bantu," mama akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayeona chumvi imesahauliwa.

Mimi neno hilo lilinichoma, sijui kwa nini likanichoma mimi badala ya mdogo wangu. Wiki zote zile nilizosimuliwa vita ile simuni, nilikuwa nimekaa ndani ya mashua pamoja naye, nautazama mchanga unakuja. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni wa kule mchangani. Nikainuka, nikasema nakwenda kuona gari. Kaka akaniambia nikae chini, nawaziba watu. Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka.

Mizinga ikapigwa. Mtu alikuwa ametangaza, sawa, na ilikuwa baruti tupu, lakini mlio unafika kifuani kabla ya akili. Ndege ikapita chini. Moshi ukatanda juu ya maji, na ndani ya moshi zikatoka zile mashua bapa, pua zake zimekatwa wima. Ya kwanza ikagusa mchanga, mlango wake wa mbele ukaanguka, watu wakatoka wakikimbia na kupiga risasi.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tulishtuka kila mtu kwa namna yake. Kaka yangu, mtu mzima, baba wa watoto, alijitupa kifudifudi na kujaribu kuingia chini ya kiti cha mzungu mmoja, na kiti kilikuwa na mzungu. Mimi sikumbuki kusimama. Nilijikuta mbali kule yanakoegeshwa magari, peke yangu, nimekumbatia chungu cha sombe, mchuzi umenilowesha mpaka miguuni. Hata leo kaka akitaka kuninyamazisha mbele za watu husema, "Na sombe je, ilipona?"

Niliporudi mbio, mdogo wangu alikuwa pale pale kwenye mkeka, amesimama. Kati yetu wote yeye peke yake ndiye asiyekumbuka ile alfajiri ya kwetu. Simu yake ilikuwa bado juu mkononi, inarekodi. "Mama ameenda wapi?" akaniuliza. Kando yake mtoto wa ndoo nyekundu alikuwa anapiga makofi. Wenzake wawili hawakuwapo.

Ndipo mama mmoja wa Kizungu akaanza kupiga kelele.

Tulimkuta mama yetu nyuma ya jengo la vyoo, penye ukuta wa matofali. Alichagua vizuri, ni mahali ambapo mimi pia ningechagua kama ningekuwa na akili. Alikuwa amelala ubavu juu ya nyasi, kitenge amekifungua na kuwafunika wale watoto wawili chini yake, mkono mmoja juu ya vichwa vyao. Alikuwa anawaambia, "Kimya, batoto yangu. Kimya. Bitapita." Na wao, ambao hawakujua hata neno moja, walikuwa kimya kabisa, msichana anatafuna pindo la kitenge.

Baba yao alifika mwekundu, akawanyakua, akapiga kelele za kila aina. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vibaya zaidi. Akaja mtu wa usalama. Mdogo wangu akasimama katikati, akaeleza kwa Kiingereza chake kinachotiririka, anaeleza huku analia: tulitoka wapi, nini kilitukuta ufukoni kwetu, kwamba kwetu unabeba aliye karibu. Yule baba hakutaka kusikia. Mke wake alisikia. Alipiga magoti kwenye nyasi, akamsaidia mama kuinuka, akampangusa majani kwenye nywele, akasema asante kwa sauti ndogo sana. Mtu wa usalama akatuomba twende upande wa mbali wa ufuko tukapumzike. Alituomba kwa heshima, ila alituelewesha.

Tukaenda upande wa mbali. Huku nyuma vita ikaendelea, makofi yakapigwa, Wajerumani wakasalimu amri. Tukala bugali na sombe iliyobaki, na mama akala vizuri kuliko sisi wote. Mdogo wangu hakugusa. Alikuwa ananyofoa nyasi. Mwishowe akapasuka, kwanza kwa Kiingereza, kisha akakumbuka anaongea na nani.

"Mama, miye nilikuwa pale. Mkono yako ilikuwa ku goti yangu. Uliondoa mkono, ukabeba batoto ya bantu, ukaniacha miye. Kwanini haukunibeba?"

Msichana wa miaka ishirini, anayetaka kwenda kwenye meli za vita, analia kwamba hakubebwa. Kaka alitaka kucheka. Nilimtazama hivi, akameza.

Mama alimaliza tonge lake. "Weye ulishakuwa mukubwa," akasema. "Mukubwa habamubebake. Mukubwa ndiye anabebaka benzake."

Mdogo wangu akafuta pua.

"Batoto balikuwa batatu," mama akaendelea. "Miye niko na mikono mbili, nikabeba babili. Ule wa ndoo alikuwa karibu na weye. Ule alikuwa wa kwako. Nikageuka nione kama unamubeba. Ulikuwa umebeba simu."

"Lakini ilikuwa mchezo, mama!"

"Sasa najua ni mchezo. Ile saa sikujua. Na weye siku yako hautajua."

Kaka akaanza kukusanya sahani ambazo hazijaisha. Mimi nilikuwa na hasira na mama, nataka kumwambia amemwonea mtoto, amemtungia mtihani bila kumwambia. Na nilikuwa najua kwamba kama ni mtihani, mimi nilikuwa nimepata sifuri, nimebeba chungu.

Mdogo wangu akasema, polepole, "Basi nitamwambia yule mtu siendi."

"Nani alisema usiende? Sasa unajua kazi yako." Mama akanyoosha mikono, kaka akamwagia maji ya chupa, akanawa na kujipangusa. "Kuya hapa."

Mdogo wangu alipiga magoti mchangani. Mama akamwekea mikono kichwani, yote miwili, na sisi tukainamisha vichwa. Alikuwa amekataa miezi na miezi; sikuelewa nini kimegeuka, na sikuthubutu kupumua nisije nikakigeuza tena. Aliomba kwa sauti ya kawaida, si ile ya kanisani. Aliomba mtoto huyu akifika kwenye pwani ya watu, asione askari tu, awaone na wenye kuanika samaki. Aliomba mikono yake isikutwe imejaa. Aliomba apewe macho ya kumwona mtoto wa mtu kabla mtu hajaita. Akasema amina. Mdogo wangu akabaki ameinamisha uso miguuni pa mama, mabega yanacheza, na kaka akageukia ziwa.

Mimi nilikuwa bado nangoja. Kuna ombi moja ambalo kila mama wa kwetu huliomba mtoto akiondoka, hata akienda sokoni tu, na mama hakuliomba. Hakuomba arudi salama. Mdogo wangu kwa machozi yake hakugundua, kaka hakugundua. Mimi niligundua.

Tukaagana. Wao wakaelekea Columbus, na kaka aendelee mpaka Louisville, sisi tukashika njia ya Buffalo. Nilivumilia mpaka Pennsylvania. Kisha nikamwuliza, na sikumwuliza kwa adabu. Nikamwambia mtoto anakwenda kwenye bahari, kwenye meli za vita, na wewe umemwombea mikono na macho na watu wa ufuko wasio na majina. Kurudi kwake je? Ungeniombea mimi hivyo? Au kwa sababu hukumzaa?

Mama akageukia dirishani. Nilifikiri amekasirika, nikaanza kutafuta namna ya kuomba msamaha.

"Ile ya kurudi mama yake anaiomba," akasema. "Kila siku, tangu ile asubuhi nilimubeba. Miye niingilie namna gani?"

Nikashika usukani. Nikapita njia yetu ya kutokea barabara kuu bila kuiona, nikaendelea kuendesha mpaka Cheektowaga, upande wa pili wa mji, karibu na uwanja wa ndege, na mama hakuniuliza tunakwenda wapi.